Spea Isitangulie Kipimo: Hitilafu za Umeme Katika Mfumo wa Mafuta wa Gari

Gari la petroli likianza kumisi, likakosa nguvu mlimani au likanywa mafuta kupita kawaida yake, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, kinachofuata katika gereji nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kinajulikana. Mashine ya kupima inachomekwa chini ya usukani, msimbo wa hitilafu unasomwa, sensa au pampu inatajwa, na mwenye gari anaelekea Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kutafuta spea. Safari nyingine gari hupona na kila mtu akaridhika. Safari nyingine taa hurudi, spea ya pili hununuliwa, halafu ya tatu, na tatizo likabaki palepale. Nashikilia kwamba chanzo cha hasara hii si uchache wa mashine wala uvivu wa mafundi, bali ni namna ya kufikiri. Msimbo unapokewa kama hukumu juu ya kifaa fulani, ilhali ni taarifa tu kuhusu sakiti nzima ambayo kifaa hicho ni sehemu yake. Na sakiti haijulikani kuwa nzima au mbovu mpaka ipimwe ikiwa kazini, imebeba mzigo wake. Kifaa kisitiwe hatiani kabla ya waya unaokilisha, ethi yake na waya wa ishara kuthibitika kuwa salama.

Ili hoja hii ieleweke, tuanze na jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza D-Jetronic, mfumo wa kupuliza petroli unaoendeshwa kwa elektroniki, uliofungwa kwenye Volkswagen 1600 kwa ajili ya soko la Marekani. Mwaka 1976 Volvo ilitoa gari lenye sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, nalo likauzwa California, kulikokuwa na sheria kali za hewa chafu. Misingi ya magari mengi ya petroli tunayoendesha leo imetokana na hatua hizo mbili. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, inapokea taarifa za wingi wa hewa inayoingia, joto la maji ya injini, mzunguko wa kranki na kiasi ambacho pedali imekanyagwa. Kutokana na hizo inakadiria petroli inayohitajika, kisha inafungua kila nozeli kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Sensa ya oksijeni inasoma moshi na kurudisha majibu kama mchanganyiko umezidi au umepungua petroli. Kiwango kinacholengwa ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Huu ni mzunguko wa kupima, kuamua, kutenda na kusahihisha, na kila hatua yake inapita kwenye waya.

Hapo ndipo ugumu unapozaliwa. Kompyuta haioni petroli wala hewa wala joto. Inachokiona ni volti zinazofika kwenye pini zake. Plagi ya sensa ikiwa na kutu, kwa kompyuta ni sawa na injini kubadilika joto. Waya wa pampu ukichakaa, kompyuta inaamini kwamba imewasha pampu na kazi imekwisha, bila kujua kwamba petroli inafika kwa shinikizo dogo. Kwa hiyo hitilafu ndogo ya umeme inaweza kuvaa sura ya hitilafu ya mafuta, na hitilafu ya mafuta au ya hewa ikavaa sura ya sensa mbovu. Anayesoma sura pekee atadanganyika mara kwa mara, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi, kwa sababu dalili moja ina njia nyingi za kutokea.

Tuangalie msimbo wenyewe unasema nini. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza hitilafu, kwenye magari madogo yote mapya kuanzia modeli za 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Toka hapo misimbo mingi ikawa na maana moja bila kujali kiwanda. P0135 inahusu sakiti ya kipashajoto cha sensa ya kwanza ya oksijeni. P0201 inahusu sakiti ya nozeli ya silinda ya kwanza. P0230 inahusu sakiti ya kuendeshea pampu ya mafuta. Neno la kushika hapo ni sakiti. Kompyuta imeona mkondo au volteji isiyolingana na ilichotarajia kwenye pini fulani, nayo haina uwezo wa kujua kama kilichokatika ni kifaa, fyuzi, rilei, plagi au waya uliotafunwa na panya. Magari ya Japani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani hayakubanwa na sheria hiyo ya Marekani, ndiyo maana Toyota nyingi za miaka ya tisini zilizofika kwetu hutoa namba kwa kumwekamweka kwa taa pale pini za TE1 na E1 zinapounganishwa. Humo pia namba 22 inahusu sakiti ya sensa ya joto la maji, na namba 25 inasema mchanganyiko umepungua petroli. Lugha ni tofauti, mantiki ni ileile.

Msimbo unaopotosha watu zaidi pengine ni P0171, unaosema kwamba mchanganyiko umepungua petroli kuliko kompyuta inavyoweza kusahihisha. Wengi wakiuona hubadilisha sensa ya oksijeni, kwa kuwa ndiyo iliyotoa taarifa. Lakini sensa hiyo huenda ndiyo kifaa pekee kinachosema kweli. Hewa inaweza kuwa inavuja baada ya sensa ya kupima hewa, sensa hiyo ya hewa inaweza kuwa na vumbi, chujio la petroli linaweza kuwa limeziba, au pampu inaweza kuwa inapata umeme pungufu. Mashine ya kupima inatoa msaada mkubwa hapa kama itatumiwa kusoma zaidi ya msimbo. Inaonyesha ni asilimia ngapi kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Masahihisho yakiwa makubwa injini ikizunguka taratibu, kisha yakapungua ikipandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, mashaka yaelekee kwenye uvujaji wa hewa, kwa kuwa hewa ya kuiba ni sehemu ndogo pale injini inapovuta nyingi. Masahihisho yakizidi kadiri mzigo unavyopanda, mashaka yaelekee kwenye ugavi wa petroli au kipimo cha hewa. Msimbo ni mmoja, lakini mwenendo wa namba umetenganisha njia mbili kabla ya bolti hata moja kufunguliwa.

Tuseme namba zimeelekeza kwenye ugavi, na geji imethibitisha kwamba shinikizo la petroli linashuka mzigo ukizidi. Je, pampu imekufa? Bado hatujui, na hapa ndipo kipimo kinachofanywa kwa mazoea kinapopotosha. Fundi anachomoa plagi ya pampu, anaweka multimita, anaona volti 14 kabla injini haijazima kwa kukosa petroli, na anatamka kwamba umeme upo, basi pampu imekwisha. Tatizo ni kwamba multimita ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10, hivyo inavuta mkondo mdogo mno usioweza kufichua udhaifu wa waya. Hata pakiwa na ukinzani wa omu 10,000 mahali fulani njiani, mita hiyo ingepoteza chini ya volti 0.02 na kuonyesha 14 kama kawaida. Lakini pampu huvuta ampia kadhaa. Ikivuta 6, ukinzani wa nusu omu tu kwenye plagi iliyoungua unakula takriban volti 3, na pampu inabaki na 11 au karibu yake. Daraja linalovusha mtembea kwa miguu halijathibitika kuwa linabeba lori. Kuupima ukinzani huo moja kwa moja nako hakusaidii sana, kwa sababu waya za mita yenyewe na mguso wake vinaweza kufikia sehemu kubwa ya nusu omu hiyo, na uzi mmoja uliobaki mzima ndani ya waya uliokatikakatika unatosha kuonyesha kwamba njia ipo.

Kipimo kinachofaa ni cha volteji inayopotea njiani huku sakiti ikifanya kazi. Plagi inaachwa imechomekwa, pampu inazunguka, ncha moja ya mita inawekwa kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye pini ya kulisha pampu. Mita sasa inaonyesha volti zilizopotea kati ya betri na pampu. Halafu upande wa pili unapimwa vivyo hivyo, kutoka pini ya ethi ya pampu hadi hasi ya betri. Kwa upande wa ethi, hasara ya volti 0.1 au 0.2 inavumilika. Kwa upande wa kulisha, wenye swichi, fyuzi na rilei, nusu volti kwa jumla ni mpaka unaokubalika na wengi. Ikizidi hapo, mita inasogezwa hatua kwa hatua: kabla ya fyuzi na baada yake, kabla ya rilei na baada yake, kabla ya plagi na baada yake. Mahali ambapo namba inaruka ndipo ugonjwa ulipo. Uzuri wa njia hii ni kwamba haitegemei kubahatisha, na inafanya kazi kwa pampu, nozeli, feni, taa na mota ya stata bila kubadilisha kanuni. Na ikiwa hasara pande zote mbili ni ndogo, pampu inapata umeme wake wote, mkondo wake ukipimwa si wa kawaida, na shinikizo bado liko chini ilhali chujio na kidhibiti shinikizo ni vizima, basi pampu imehukumiwa kwa haki.

Nozeli zinaonyesha jambo hilihili kwa namna ya ndani zaidi. Katika Toyota nyingi, kila nozeli ina ukinzani wa takriban omu 14, hivyo kwa volti 14 inavuta karibu ampia 1. Umeme wa chanya huifikia moja kwa moja swichi inapowashwa, na kompyuta huifungua kwa kuunganisha upande wa pili na ethi. Nozeli haifunguki papo hapo. Inachelewa kidogo, na ucheleweshaji huo unaongezeka volteji inaposhuka. Kompyuta inalijua hilo, kwa hiyo inapoona volteji ya betri imeshuka inarefusha muda wa kufungua. Lakini inapima volteji inayofika kwake, si ile inayofika kwenye nozeli. Ikiwa waya wa kulisha nozeli una kutu mahali fulani, kompyuta inaona volti 14, inatoa muda wa volti 14, na nozeli zenye volti 12 zinachelewa kufunguka na kupuliza pungufu. Matokeo yake ni mchanganyiko uliopungua petroli bila msimbo wowote wa sakiti ya nozeli, kwa kuwa sakiti haijakatika. Hapo watu huosha nozeli, hubadilisha chujio, hununua pampu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na kosa.

Upande wa sensa una hatari yake, nayo ni uongo unaoaminika. Sensa ya joto la maji ni kifaa ambacho ukinzani wake unapungua joto linapopanda. Katika Toyota nyingi huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Plagi yake ikiingia kutu na kuongeza omu 700 juu ya 300 za injini iliyopata moto, jumla inakuwa 1,000, na kompyuta inasoma joto la karibu nyuzi 40. Inaendelea kuongeza petroli kama ya injini ambayo bado haijapata moto vizuri, na sensa ya oksijeni inabaki kuipunguza kadiri inavyoweza. Msimbo hautokei, kwa sababu nyuzi 40 ni joto linalowezekana kabisa. Mwenye gari anaona tu kwamba petroli inakwisha upesi. Njia ya kuuvua uongo huu ni rahisi. Kwanza usomaji wa mashine ulinganishwe na joto halisi lililopimwa kwa kipimajoto. Kisha plagi ichomolewe: usomaji ushuke hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Halafu pini mbili za plagi upande wa waya ziunganishwe: usomaji upande hadi juu kabisa. Yote mawili yakitokea, kompyuta inaitikia na nyaya hazijakatika, na yaliyobaki kuchunguzwa ni sensa na mguso wa pini zake. Yasipotokea, sensa haina hatia na kuinunua mpya ni kutupa fedha.

Kuna pia makosa ya amri, ambapo kifaa ni kizima na umeme upo, ila kompyuta haijatoa ruhusa. Katika Toyota nyingi za petroli rilei ya pampu hufungwa na kompyuta kupitia waya unaoitwa FC, na kompyuta hufanya hivyo inapopata ishara kwamba kranki inazunguka. Ni tahadhari ya maana: gari likipata ajali na injini ikazima, pampu isiendelee kumwaga petroli. Lakini maana yake ni kwamba sensa ya kranki inayokufa ikipata joto itazima injini na pampu kwa pamoja. Anayesikiliza kwenye tanki na kukosa mlio atailaumu pampu. Anayetazama kwenye mashine mizunguko ya injini wakati stata inazungusha, akakuta sifuri, atajua kwamba pampu inangoja ishara ambayo haijafika. Swali la kuanza nalo pampu isipolia ni kama imepata umeme, kisha kama rilei imeamrishwa, kisha kama kompyuta ina sababu ya kuamrisha. Kila swali lina kipimo chake, na mpangilio huo unaokoa saa nyingi za kushusha tanki bure.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote linatoka kwa watu wa kazi wenyewe, na lina uzito. Linasema kwamba kupima kunachukua muda, mteja halipii muda bali spea, na spea za mtumba kutoka Japani zinapatikana kwa bei ambayo kujaribu moja ni nafuu kuliko saa mbili za uchunguzi. Kwa fyuzi au rilei hoja hiyo inasimama. Kwa pampu iliyo ndani ya tanki, sensa ya hewa au kompyuta, haisimami, kwa kuwa bei inapanda na spea ya mtumba haina uhakika wa uzima wake. Spea isiyojulikana hali yake ikifungwa kwenye gari lisilojulikana kosa lake, matokeo yoyote hayafundishi kitu. Zaidi ya hapo, kubadilisha spea kwa akili kunaweza kuwa kipimo halali. Nozeli ya silinda ya kwanza ikihamishiwa ya tatu na msimbo ukahama kutoka P0201 kwenda P0203, nozeli ina kosa. Msimbo ukibaki P0201, kosa liko kwenye waya au kompyuta. Tofauti ni kwamba huyu aliuliza swali kabla ya kushika spana, na alijua mapema kila jibu lingemaanisha nini.

Pingamizi la pili ni lile la uzoefu: mara ngapi spea imebadilishwa na gari likapona? Ushahidi huu ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Kubadilisha sensa kunalazimu plagi ichomolewe na kuchomekwa tena, na kitendo hicho peke yake hukwangua kutu kwenye pini na kurudisha mguso mzuri kwa muda. Kufuta misimbo, au kuchomoa betri, hufuta pia masahihisho ambayo kompyuta ilijifunza, na gari huendeshwa siku chache kwa mpangilio mpya. Tena, kwa hitilafu nyingi za mchanganyiko, OBD-II haiwashi taa mpaka kosa lionekane katika safari mbili tofauti. Kwa hiyo gari linaweza kutoka gereji likiwa na taa iliyozima na kosa lililo hai. Sifa hupewa spea mpya, na spea ya zamani, pengine nzima, hutupwa. Anayetaka kujua kwa hakika afanye jambo dogo: kabla ya kununua, achomoe na kuchomeka plagi ileile, aisafishe, apime volteji inayopotea, kisha aone. Na baada ya matengenezo asiangalie taa pekee, aangalie kama masahihisho ya petroli yamerudi karibu na sifuri gari likiwa barabarani.

Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba enzi ya multimita imekwisha. Magari mapya yana kompyuta nyingi zinazozungumza kwenye mtandao mmoja, pampu huendeshwa kwa moduli badala ya rilei, na injini nyingi hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Ni kweli kwamba imebidi zana zikue. Osiloskopu inaonyesha umbo la ishara ambalo mita haiwezi kulionyesha, kama vile mruko wa makumi ya volti unaotokea nozeli inapofungwa, na mruko huo ukikosekana au ukiwa mfupi unaeleza hali ya koili yake. Lakini osiloskopu yenyewe ni kipimo cha volteji kilichopewa saa. Inajibu swali lilelile: ishara imefika, na imefika ikiwa na nguvu inayostahili? Moduli ya pampu nayo inahitaji chanya, ethi na amri. Ugumu wa gari jipya unazidisha sababu ya kupima kwa mpangilio, maana idadi ya vifaa vinavyoweza kulaumiwa imeongezeka na bei ya kila kimoja imepanda. Ugumu wa kweli zaidi ni michoro ya nyaya, ambayo kwa magari ya soko la ndani la Japani mara nyingi iko kwa Kijapani. Hata hivyo alama za sakiti hazihitaji Kijapani, rangi za nyaya huandikwa kwa herufi za Kilatini, na gereji inayotunza michoro ya modeli inazozihudumia kila wiki imejipatia mtaji unaozidi rafu ya spea.

Pingamizi la mwisho linaelekeza kidole kwenye petroli yenyewe: kwa nini tuhangaike na nyaya wakati mafuta yanachakachuliwa? Tatizo hilo lipo na serikali zimelikiri kwa vitendo. Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatofautisha na yaliyochanganywa, na Kenya ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta ya magari. Lakini petroli mbaya haina uwezo wa kukata waya. Haiwezi kuleta msimbo wa sakiti ya kipashajoto wala kushusha usomaji wa joto la maji. Ikiharibu mwako, itaharibu silinda zote, si ya pili peke yake kila asubuhi. Kulaumu mafuta bila kipimo ni kutafuta mchawi, kama kulaumu sensa bila kipimo. Anayeshuku petroli achukue sampuli na kuilinganisha na nyingine ya kuaminika, kisha aendelee na sakiti zake.

Ukweli unadai pia mipaka ya njia hii isemwe. Hitilafu inayokuja na kuondoka haipatikani gari likiwa limesimama kwenye kivuli na injini ikiwa baridi. Inabidi kompyuta irekodiwe gari likitembea, waya utikiswe injini ikizunguka, sensa ipashwe joto kwa kiasi, na wakati mwingine gari liachwe mpaka kosa litokee. Kuna hitilafu za kompyuta ambazo hufikiwa kwa njia ya kuondoa tu, baada ya kila kitu kinachoizunguka kuthibitika. Na kupima kwa kukosa uangalifu kunaharibu. Balbu ya testa inafaa kwa waya wa pampu, lakini ikiwekwa kwenye waya wa sensa inaweza kuvuta mkondo ambao kompyuta haikuundwa kuutoa. Cheche karibu na plagi ya tanki lililo wazi ni hatari kwa maisha. Kipimo ni kitendo chenye nidhamu, na nidhamu hufundishwa.

Kwa sababu hiyo mabadiliko yanayohitajika hayana gharama kubwa, ila yanahitaji pande mbili kukubaliana. Mwenye gari akubali kulipia uchunguzi kama kazi kamili, hata kama mwisho wake ni plagi kusafishwa bila spea yoyote kununuliwa, maana fundi asiyelipwa kwa kupima atalipwa kwa kubadilisha. Fundi naye, kabla ya kuagiza kifaa, aandike namba nne: volteji ya betri injini ikifanya kazi, volti zilizopotea upande wa kulisha, volti zilizopotea upande wa ethi, na ishara iliyofika au kutofika. Vyuo vya ufundi, VETA na vingine vya eneo letu, vikimtaka kila mwanafunzi wa umeme wa magari atetee spea anayotaka kubadilisha kwa namba hizo, vitatoa mafundi wanaoweza kulihudumia gari ambalo hawajawahi kuliona. Multimita inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya pampu moja mpya. Kinachokosekana ni desturi ya kuiuliza sakiti ikiwa na mzigo, na kukubali jibu lake hata linapokana kile ambacho mashine ya kupima na mazoea yalikwisha kutamka.